Toba yenye risiti

Sanduku la kikoba lina kufuli tatu. Funguo wanazo watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe hulala kwa mtu wa nne. Siku ya kukutana, washika funguo wakishatimia ndipo linafunguliwa mbele ya wanachama; fedha zinahesabiwa kwa sauti, hisa zinagongwa mihuri kwenye vitabu, anayekopa anakopa, kufuli zinarudi mahali pake. Ni mpango mzuri. Akina mama wengi wamesomesha watoto na kuezeka nyumba kwa mpango huo, wakati benki hata mlangoni hazikuwataka. Lakini umejengwa juu ya jambo ambalo hakuna anayelitamka mkutanoni: kwamba hatuaminiani, na kwamba tuna sababu.

Halafu kuna mahali kufuli zinakoma kufanya kazi. Hazimzuii mwenyekiti kujiandikia mkopo kwa jina la shemeji yake. Hazimgusi mshika daftari aliyegundua kwamba mwanachama mzee haoni vizuri tarakimu. Juu ya kufuli tuna sheria, na vyombo vya kupambana na rushwa, TAKUKURU huku Tanzania na EACC kule Kenya, lakini navyo vinamshughulikia aliyejulikana. Sura hii inamhusu mtu mwingine: ambaye hakujulikana, na hatajulikana. Mhasibu aliyeagwa kazini kwa keki na hotuba, na nyumba yake ya pili imesimama kwa matofali ya mradi wa maji ambao haukutoa maji. Mtoto wa kiume aliyeuza kiwanja cha marehemu baba yake kabla dada zake hawajaelewa kwamba na wao ni warithi. Hawa hawaandamwi na mtu. Wanakaa kanisani safu ya pili. Nani atawafanya warudishe?

Ukiuliza watu kwa nini wanahitaji imani ya Kikristo, wengi watakuelekeza kwenye kifo: siku ya kuondoka uwe na pa kwenda. Sipingi. Mwenye ahadi ya uzima wa milele ana kitu kikubwa. Ila hoja hiyo, ikiachwa peke yake, inaifanya imani iwe kama bima ya mazishi, kitu unacholipia kila mwezi na kukisahau hadi msiba ubishe hodi. Ninachotaka kuonyesha hapa ni hitaji la karibu zaidi, la siku ya kazi saa nne asubuhi. Na ushahidi ninaoutumia si wa Ulaya wala Marekani. Ni wa kwetu.

Gahini iko kwenye kilima kando ya ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda. Wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza walijenga hospitali pale miaka ya 1920, na daktari kijana, Joe Church, alifika mwaka 1928, njaa kubwa ikamkuta kazini. Septemba 1929, akiwa amechoka mwili na roho, alikwenda Kampala kupumzika. Huko, kilimani Namirembe, akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda wa familia yenye heshima aliyekuwa mtumishi wa idara ya afya. Wakakaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Wengi huanzia hapo wanaposimulia Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao ulitoka Rwanda na Uganda ukaenea Burundi, Kenya na Tanganyika, na kuuacha wimbo wa Tukutendereza Yesu midomoni mwa watu wasiojua neno jingine lolote la Kiganda.

Mimi huwa naanzia kwa mtu mwingine, Yosiya Kinuka. Huyu alikuwa mkuu wa wasaidizi wa hospitali ya Gahini, mtu mwenye cheo, na mambo pale hayakuwa yanakwenda. Wazungu na Waafrika hawakuelewana, kazi ilikuwa ya kusukumana. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Kinuka alikwenda Kampala kumwona Nsibambi. Nsibambi akamuuliza habari za hospitali. Kinuka akayamwaga yote, kama ambavyo yeyote kati yetu angeyamwaga akiulizwa habari za ofisini kwake. Nsibambi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwamba chanzo cha matatizo ya Gahini ni dhambi iliyo moyoni mwa Yosiya Kinuka.

Jibu la kuudhi hilo. Mimi ningechukua kofia yangu. Kinuka naye aliudhika, lakini neno lilimganda, na kabla safari ya kurudi Rwanda haijaisha alikuwa amesalimu amri kwa Mungu. Alirudi hospitalini mtu mwingine, na baadaye akawa mchungaji.

Kilichofuata Gahini hakikuwa cha kupendeza machoni pa kila mtu. Mwishoni mwa mwaka 1933, kwenye mkutano wa ibada, mtu mmoja alisimama akaungama, wa pili akafuata, kisha ikawa foleni. Mwaka 1935 moto ulivuka mpaka wa Uganda hadi Kabale, Kigezi. Na huko ndiko lilikotokea jambo linalonifanya niandike sura hii: watu walianza kurudisha vitu. Ng'ombe aliyepatikana kwa dhuluma alirudishwa kwa mwenyewe. Fedha za mwajiri zilirudi kwa mwajiri. Madeni ambayo mdai alikwisha kuyakatia tamaa yalilipwa. Hakuna polisi aliyekuwa amewafuata watu hawa. Hakuna mganga aliyekuwa amewaogopesha kwamba matumbo yatavimba.

Hapo panahitaji kutazamwa kwa makini. Tabu ya mwizi asiyejulikana haiko kwenye kile kitu. Mara nyingi kitu kimekwisha kuliwa, na thamani yake angeweza kuilipa bila kulala njaa. Anachokilinda ni jina. Akirudisha laki tano, ametangaza kwamba miaka yote hii, alipokuwa mzee wa baraza, alipokuwa mshenga, alipokuwa akisuluhisha ndoa za watu, alikuwa mwizi. Kwa watu wa kwetu jina halimalizikii kwa mwenyewe. Binti yake ataolewa au hataolewa kwa jina hilo. Ndiyo maana mahubiri ya maadili hayamsaidii. Ukimwambia kuiba ni vibaya, anajua. Ukimwongezea woga, atafunga mlango vizuri zaidi.

Injili inamjia kwa mlango mwingine. Inamwambia kwamba kesi yake imekwisha kusikilizwa, na iliposikilizwa hakuna kilichofichwa, na hukumu imebebwa na mwingine msalabani. Msamaha umetangulia. Mtu akiliamini hilo kweli, jina alilokuwa akililinda linapungua uzito, kwa sababu yuko Mmoja anayemjua vibaya kuliko kijiji kizima kitakavyowahi kumjua, na bado hajamfukuza. Sasa anaweza kumudu ukweli. Kurudisha hakumnunulii msamaha. Ni matumizi ya msamaha ambao tayari anao. Wandugu wa Uamsho waliita maisha haya kutembea nuruni, na walikutana kila wiki ili wasirudi gizani kimyakimya. Mtu anasimama, anasema lililomshinda juma hilo, kwa ufupi, wenzake wanamwimbia na kumpa mkono, anakaa. Hakuna anayepigwa na butwaa, maana aliyesimama kabla yake alisema makubwa zaidi.

Tena haikuwa toba ya Waafrika mbele ya Wazungu. Wamisionari nao waliungama kiburi chao na dharau yao ya rangi, mbele ya watu waliowaita mabwana. Na safari ilikwenda pande zote mbili. Festo Kivengere, mwalimu kijana kutoka Kigezi, alipookoka miaka ya 1940 alipanda baiskeli, akakanyaga milima ile kwenda kumwomba radhi mmisionari mmoja wa Kiingereza ambaye alikuwa akimchukia kimoyomoyo. Mmisionari hakujua kwamba anachukiwa. Kwa hesabu za kawaida, Kivengere hakuwa na deni lolote.

Linganisha na ushuhuda tunaousikia siku hizi kwenye mikutano mingi ya injili. Anayeshuhudia anataja kilichoingia: gari, viza, kiwanja Goba, mchumba. Ushuhuda wa Kabale ulitaja kilichotoka. Sidharau mtu anayemshukuru Mungu kwa gari. Ukipanda daladala miaka ishirini utaelewa. Lakini sijasikia kwenye mkutano wowote kati ya hiyo mtu akishuhudia kwamba amerudisha gari. Na pale ambapo imani inafundishwa kama njia ya kupata, mwizi asiyejulikana yuko salama kabisa. Kwanza yeye ndiye ushuhuda. Amebarikiwa, si mnaona?

Hata Zakayo tumemkata nusu. Mwaka 2023 Wakenya walimbandika Rais William Ruto jina hilo kwa sababu ya kodi, na Juni 2024 vijana walijaa barabarani Nairobi wakimwambia Zakayo ashuke. Kila mtu alielewa utani, maana kila mtu alisoma Sunday school. Lakini katika Luka 19 kushuka mtini ni mwanzo tu. Kinachokuja baada ya kumkaribisha Yesu ndicho kisa: mtoza ushuru anasimama kwa hiari yake, anatoa nusu ya mali kwa maskini na kuahidi kulipa mara nne kwa kila aliyedhulumiwa. Yesu hakuwa amemdai. Alikuwa amekwenda kwake kama mgeni.

Jirani yangu Mwislamu akisoma hapa ataniuliza kama Wakristo tunadhani tuna hakimiliki ya jambo hili. Hatuna. Mafundisho yake yako wazi kwamba toba inayogusa haki ya mtu haikamiliki mpaka haki irudishwe au mwenyewe asamehe, na nawajua Waislamu wanaolichukulia jambo hili kwa uzito ambao maparokia yetu yangeuonea wivu. Wapo pia watu wasio na dini waliorudisha pochi yenye fedha bila kuhesabu. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho, na nadhani ni kigumu zaidi: kwa mtu aliyezama, ambaye kurudisha kutamvua nguo, habari ya kwamba amesamehewa kabla hajarudisha ndiyo inayompa miguu ya kutembea hadi mlangoni kwa aliyemwibia. Habari hiyo ndiyo Ukristo. Ukiiondoa, kinachobaki ni ushauri.

Sasa lije pingamizi ambalo sitalipita kwa haraka.

Nchi ya Gahini ndiyo nchi ya Nyamata. Aprili 1994 watu waliokimbilia kanisa la Nyamata, kusini mwa Kigali, waliuawa humohumo kwa maelfu. Ukifika leo unakuta ukumbusho. Ntarama vivyo hivyo, Nyarubuye vivyo hivyo. Wauaji wengi walikuwa wamebatizwa, na waliouawa walikuwa wamebatizwa. Elizaphan Ntakirutimana, mchungaji wa Kiadventista, na Athanase Seromba, padri wa Kikatoliki, walitiwa hatiani na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, mwendo mfupi kutoka sokoni ambako watu waliendelea kununua ndizi zao. Kama imani ilihitajika mahali popote Afrika katika karne ile, ilihitajika pale, na ilikuwapo tele, na haikuzuia.

Wapo wanaojibu kwamba wale hawakuwa Wakristo wa kweli. Jibu hilo ni rahisi mno, na lina harufu ya kumtetea Mungu asiyehitaji wakili. Mimi naona hivi. Toba ilikuwa imefupishwa. Kwa miaka mingi orodha ya dhambi za kuungama ilibaki ileile: pombe, uzinzi, jembe la jirani, uganga. Chuki ya kabila haikuwamo kwenye orodha. Kitambulisho kilichoandikwa Mhutu au Mtutsi hakikuwamo. Viongozi wa makanisa makubwa walikaa meza moja na serikali, na aliyekaa meza hiyo hakuweza tena kuwaambia wenzake neno ambalo Nsibambi alimwambia Kinuka. Mtu aliweza kurudisha kuku siku ya Jumamosi na siku ya Jumapili akasikia jirani yake akiitwa mende, asione kwamba kuna kitu cha kuungama. Uamsho ulipoacha kugusa jambo lililokuwa linauma kuliko yote, ulibaki na nyimbo.

Lakini Nyamata hiyohiyo ina jina lingine. Mauaji yalikuwa yameanza mapema, na Januari 1964 askari walimchukua usiku mchungaji Yona Kanamuzeyi, mtu wa Uamsho, aliyekuwa akiwahudumia Watutsi waliofukuzwa makwao na kutupwa Bugesera. Alikuwa ameshauriwa akimbie, akabaki na watu wake. Kabla hajauawa aliomba aandike kidogo kwenye shajara yake, na akaomba ipelekwe kwa mkewe. Walimpiga risasi darajani. Mwaka 1994 pia walikuwapo waliowaficha watu darini na chini ya vitanda wakijua bei yake. Siwezi kuwatumia hawa kufuta wale wengine. Ninaweza tu kusema kwamba imani iliyokwenda hadi mwisho wa toba yake ilionekana, na iliyoishia njiani ilionekana pia.

Hata kwa walio ndani yake, msamaha haukuwa jambo la kumeza kwa maji. Februari 1977 askofu mkuu wa Uganda, Janani Luwum, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kivengere, yule wa baiskeli, sasa askofu wa Kigezi, alitoroka na mkewe kuvuka milima kuingia Rwanda. Alikuwa ametembea nuruni zaidi ya miaka thelathini, na bado alikiri kwamba alijaa uchungu. Ilikuwa Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa ibadani London, ndipo alipoelewa kwamba sala ya Yesu ya kuwaombea waliomsulubisha ilimhusu Amin pia. Akamsamehe, na kitabu alichotoa mwaka huohuo kilisema waziwazi kwamba anampenda Amin. Hakunyamaza kuhusu mauaji. Aliendelea kuyataja nchi za nje, kwa majina. Wanaodhani kusamehe ni kufunika wamchunguze mtu huyu.

Rwanda ilipojaribu kujisafisha, ilitumia gacaca, mahakama za nyasini zilizofungwa rasmi mwaka 2012. Kesi zaidi ya milioni moja kati ya zile zilizosikilizwa zilikuwa za mali: ng'ombe walioporwa, milango iliyong'olewa, mabati. Sheria ilimpunguzia adhabu aliyeungama, kwa hiyo wapo walioungama kwa hesabu, na wapo walioungama nusu na kutaja waliokwisha kufa. Serikali haikuwa na njia ya kutofautisha. Katika kijiji cha Mbyo, si mbali na Nyamata, waliotumikia vifungo na walionusurika wanaishi mlango kwa mlango, kwenye nyumba zilizojengwa kwa mradi wa shirika la Kikristo linalofanya kazi magerezani. Sitakuambia kwamba wote wamepona. Aliyepoteza wanawe saba hana deni la kumsamehe mtu ili wageni wapate picha nzuri. Deni lote liko upande mmoja, na upande huo ndio unaohitaji imani kwanza, ili uweze kulitaja bila kupunguza.

Kwetu tusio na mauaji ya halaiki mambo ni madogo, ndiyo maana yanaahirishwa. Tumebaki na toba ya kulia, ambayo haina risiti. Mtu anaitwa mbele, analia, anaombewa, anarudi na kiwanja cha dada zake mfukoni. Wazee wa Uamsho walikuwa na ukali ambao mara nyingine ulizidi. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha Mukono kwa kung'ang'ania mikutano yao ya alfajiri, na kwa kweli ukisoma habari zao unaona kwamba kuishi nao haikuwa rahisi. Walijifunza kwa maumivu pia kwamba si kila dhambi inafaa kutangazwa: ukiungama uzinzi mbele ya watu mia, umemuungamia na mwenzako ambaye hakuomba. Mambo ya namna hiyo wakayapeleka kwa wachache, faraghani. Lakini mali hawakuipeleka faraghani. Mali ilirudi kwa mwenyewe.

Torati ilikwisha kuweka utaratibu, kwenye Hesabu sura ya tano, na ni wa kikarani kabisa. Mtu akitambua kosa lake aliungame, arudishe kile alichochukua kikamilifu, na aongeze juu yake sehemu ya tano. Uliyechukua laki tano za kikoba unadaiwa laki sita. Ukimkosa mwenyewe, wapo ndugu zake. Ukiwakosa ndugu, inakwenda kwa kuhani, kwa Bwana, na hata hapo haibaki kwako. Kama huwezi kulipa kwa mkupuo, nenda useme hivyo, mwandikiane, na mchukue shahidi mmoja asiye na mdomo mwepesi. Unaweza kukuta mwenyewe alikwisha kujua. Unaweza pia kukuta mtu ambaye atakufukuza, akakutangaza sokoni, na akachukua fedha zake. Ana haki ya yote matatu.